Kwa Kanta, Ambaye Binti Yake Alikatazwa Kulia

Mpendwa jirani yangu Kanta,

Jana tuliuchoma mwili wako, na watu wako wamenichefua. Nakuandikia hadharani ili nao wasome.

Mambo ya dini yenu ya Kihindu ulinifundisha wewe mwenyewe, jikoni kwako hapa ughaibuni, mtaa wa St. James Town, ukichambua dengu huku nikikusahihishia Kiswahili chako cha Tanga. Ulisema roho haifi. Huuacha mwili na kuzaliwa katika mwingine, wa kiume au wa kike, kulingana na matendo yake. Ulisema pia kwamba anayelia kupita kiasi humtwisha marehemu mzigo njiani. Mimi Mkristo nilibisha, nawe ukanicheka: "Mwalimu, wewe unabishana hata na mauti." Lakini mumeo alipofariki, nilikukuta umejifungia bafuni, umefungua bomba ili usisikike. Niliketi nje ya mlango mpaka ulipofunga maji.

Jana mafundisho hayo yalikuwa midomoni mwa kila mtu. Shemeji yako, ambaye hakukanyaga hospitalini hata mara moja, alimweleza binti yako Hansa kwamba kifo si kitu cha kuliliwa. Alisema hayo macho yakiwa kwenye simu. Mwanao Dilip alifika kutoka kitongoji cha Unionville amevaa nyeupe tupu, akipokea pole kama mwenye arusi. Hansa ndiye aliyekuogesha na kukulisha muda wote wa ugonjwa wako. Hata hivyo aliambiwa akae nyuma, kwa kuwa kubonyeza kitufe cha kuwasha tanuri la kuchomea maiti ni kazi ya mtoto wa kiume. Tena asilie.

Nikasimama. Nilimwambia Dilip kwamba uliniagiza, Hansa akisikia, kuwa kitufe hicho kibonyezwe na binti yako.

"Mama Mwalimu, hii ni dini yetu," alisema. "Wewe maana yake huijui."

"Maana yake nilielezwa na mama yako. Roho ambayo imekwisha kuwa mwanamume na mwanamke mara nyingi, inajali nini kidole ni cha nani? Au huyaamini unayoyahubiri?"

Kuhani wenu akasema kwa upole kwamba binti anaweza. Hansa akaja mbele, akabonyeza, kisha akalia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake. Shemeji yako akaanza habari ile ya kumtwisha marehemu mzigo. Nilimwambia anyamaze, naye akanyamaza.

Sijui kama mafundisho yako ni ya kweli. Ninachodharau ni wavivu wanaoyatumia ili wasisumbuliwe na msiba. Ila kama ni ya kweli, Kanta, basi utazaliwa tena mahali fulani, na jambo la kwanza utakalofanya ni kulia, na wote watakaokuwamo chumbani watafurahi kukusikia.

Nenda salama.

Jirani yako wa mlango wa pili