Mikate ya Msiba wa Bibi Aganetha

Frieda, nimejifungia stoo ya unga nalia. Usinipigie, siwezi kuongea.

Asubuhi Cornie, yule mwoka mikate wetu, aliniomba ruhusa ya mazishi ya bibi Aganetha. Nikamuuliza, "Ni nani yako?" Akasema, "Jirani. Lakini ndiye aliyenilea."

Nikamjibu, Frieda, kwa mdomo huu huu: "Sheria ya mkoa ya likizo ya msiba ni ya ndugu tu. Jirani hayumo."

JIRANI HAYUMO. Mimi huyo.

Akarudi jikoni. Alivaa aproni yake.

Unajua kwetu msiba bila mikate si msiba, na kanisa liliagiza ya bibi hapa kwetu. Cornie ndiye aliyeikanda, akaioka, akaipanga yote.

Sasa hivi mama wa kanisani kaja kuichukua. "Cornie yuko wapi? Tumemsubiri abebe jeneza mpaka mchungaji akasema basi, tuzike."

Nikafungua sheria. Imeandikwa wazi: hata asiye wa damu yumo, mradi mfanyakazi mwenyewe anamhesabu ndugu.

Mwenyewe, Frieda! Si mimi.

Nikakimbilia jikoni kumwomba Cornie radhi. Akapangusa unga mikononi.

"Si kitu, dada Tina. Hata hii mikate alinifundisha yeye."