Kopo la Lemayian

Jumatatu, 7 Juni 2004
Nimefua mashati yake yote matano, kisha nikakoroga unga wake kwenye maziwa lala. Vijiko viwili asubuhi, viwili jioni. Unanuka kama samaki wa juzi. Lemayian anafumba jicho moja, anameza, ananitazama kwa lile lingine. Mungu wangu, nampenda huyu mtu! Miezi miwili ya ndoa na nikisikia pikipiki yake bado naangusha mwiko.

Kopo limeandikwa asidi amino, zile chembe za protini tulizosoma kidato cha tatu. Muuza dawa alimwambia zinaimarisha mbegu za mwanamume.

Basi niandike yote. Aliugua matubwitubwi akiwa shuleni, na huo huweza kumharibia mwanamume mbegu, kwa hiyo alitaka kupimwa mapema asije akanificha kitu. Tulipimia Kajiado ili hapa Kitengela wasijue. Mbegu ziko nyingi. Hazisogei. Hata moja. Nilimwambia sijali. Nilidanganya. Najali sana.

Jumapili, 20 Juni
Yeyo, mama mkwe, amekuja na kibuyu cha maziwa. Hata hajakaa:
"Mwende, tumbo?"
"Bado, Yeyo."
Akaliona kopo. Lemayian akamwambia haraka kwamba ni dawa ya ng'ombe. Yeyo akaonja kwa kidole, akatema.
"Huyo ng'ombe namhurumia."
Nilicheka. Halafu nikaenda nyuma ya tangi la maji nikalia.

Alhamisi, 15 Julai
Amepandisha ng'ombe sita leo, ndiyo kazi yake, kuanzia Isinya mpaka Kisaju, ule mtungi wake wa mbegu za fahali umefungwa nyuma ya pikipiki. Amerudi, akaketi bila kuvua kofia. Watu wote anawapatia ndama, amesema, yeye akose mtoto. Eti nikitaka kurudi kwetu Machakos hatanilaumu.
Nimevunja kikombe kwa hasira. Nirudi wapi? Kwetu ni yeye.
Nimemwongezea kijiko cha tatu.

Ijumaa, 16 Julai
Anaharisha. Ni kile kijiko. Nisamehe, mpenzi wangu. Viwili tu.

Jumatano, 8 Septemba
Nimeimba njia nzima. Kwa furaha!
Daktari alikuwa ametuambia turudi baada ya miezi mitatu, maana mbegu huchukua karibu muda huo kukomaa upya. Leo ndiyo siku, tukarudi Kajiado. Lemayian akaingia na boksi lake la baridi la kazini begani. Daktari, mama mmoja mwenye miwani, akalitazama.
"Umetuletea samaki?"
Akafungua. Chupa ndogo ya mbegu zake imelala katikati ya barafu.
"Na ile ya kwanza uliileta hivi hivi?"
"Ndiyo, daktari. Mbegu si hukaa baridi?"
"Za fahali, baba! Hizo hutayarishwa kwanza. Za mtu hubebwa kwapani, na haraka. Hizi umezigandisha mwenyewe!"
Mara ya kwanza chupa aliipitisha dirishani, boksi likabaki kwenye pikipiki. Hakuna aliyeuliza. Miezi mitatu ya unga wa kunuka samaki!
Lemayian akapewa chupa mpya na chumba cha mwisho. Nilingoja kwenye benchi zaidi ya saa moja, nikisali bila maneno. Kisha daktari akaniita nichungulie kwenye darubini. Zinakimbia! Kama mbuzi waliofunguliwa zizi. Nilimkumbatia daktari. Lemayian alikuwa ameegemea ukuta, amefunika uso kwa kofia.
Nikauliza kama ni ule unga umesaidia. Hawezi kujua, amesema. Kuna wanaume ambao unga huo huwasaidia, wengine wapi. Huyu wangu labda hakuwa na ugonjwa tangu mwanzo. Ale maharagwe, mayai na nyama kama watu wengine. Na tutulie, miezi mitano ya ndoa ni nini?

Jumapili, 19 Septemba
Upepo mwingi, vumbi mpaka kwenye sufuria. Nimeosha kopo mara tatu na bado linanuka. Nimetia misumari ya Lemayian humo.
Yeyo amepita baada ya kanisa. Tumbo? Bado. Leo neno limetoka jepesi, hata yeye amenitazama mara mbili.
Lemayian amekunywa maziwa lala matupu, polepole, macho yote mawili wazi. Sasa amesinzia kitini, mdomo mweupe kama wa ndama. Sijampangusa.