Taa ya Mwambani

3 Machi

Baba,

Shikamoo. Mimi mzima, ila macho yananiuma kwa kuchora ramani kutwa. Goti lako je? Nakuandikia kwa sababu simu unasema inakuharakisha.

Ile kesi ya mpaka wa baharini kati yetu na nchi ya ng'ambo inahusu mwamba wenye taa yako ya kuongozea meli. Ukibaki mkavu maji yanapojaa, kisheria ni kisiwa, na mwenye kisiwa anachukua bahari inayokizunguka, samaki wake na gesi iliyo chini. Ukizama, si kitu. Mkuu wangu aliposikia kuwa wewe ndiye uliyeandika vimo vya maji pale miaka thelathini, alinikabidhi ramani ya kesi nzima. Mambo yakienda sawa nitapanda cheo. Tafadhali nitumie madaftari yote.

Binti yako

19 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Goti linalalamika kuliko mama yako, na yeye hajambo. Madaftari kumi na mawili nimeyafunga kwa kamba, dereva wa basi atakufikishia.

Lakini soma la sita kabla hujachora. Mpaka mwaka wa daftari hilo, maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu, yaliufunika mwamba wote na kuizima taa. Mimi na mlinzi mwenzangu wa ng'ambo tulikuwa tukipokezana, wiki yangu, wiki yake, na hakuna aliyeuliza mwamba ni wa nani. Tulipochoka kuwasha upya, tukabeba mawe na saruji, yeye kwa mashua yake, mimi kwa yangu, tukauinua kimo cha mtu. Toka hapo nikawa naandika "mkavu" kila siku. Kisiwa chenu hicho, mwanangu, tumekijenga sisi wawili kwa sepeto.

Baba yako

28 Machi

Baba,

Shikamoo. Madaftari yamefika salama. La sita nimelisoma, na kisheria mwamba ulioinuliwa na watu hauhesabiki kuwa kisiwa. Mwanasheria wetu anataka miaka ya karibuni tu, kuanzia la saba, na hajui kilichomo kwenye la sita. Ng'ambo nao wanadai ni kisiwa, ila chao, kwa hiyo hawatatusuta. Baba, nafasi hii nimeingoja miaka tisa. Nikikurudishia la sita ukalifungia kabatini, nani atakuwa amedhulumiwa? Nijibu upesi, kesi ni tarehe ishirini na sita Aprili.

Binti yako

17 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kwa kuchelewa. Nilimwandikia kwanza mwenzangu wa ng'ambo. Amejibu kwamba daftari lake la mwaka ule limeliwa na panya. Nyumba ile naijua, haina panya. Ana mtoto kwenye meli ya doria, anaogopa. Mimi pia naogopa, kwa ajili yako. Tangu serikali zote mbili zipige marufuku kwenda mwambani, taa haiwaki, na meli zenye bunduki zinapishana pale gizani.

Sikuamulii. Ukilirudisha nitalipokea na sitakulaumu. Ila kabatini silifungii. Akija mtu kuniuliza, nitamsomea.

Baba yako

30 Mei

Baba,

Shikamoo, wewe na mama. Daftari la sita nililiweka juu ya meza ya mkuu wangu. Alisoma, akafunga mlango, akaniuliza kama nimerukwa na akili. Mwanasheria alilipeleka mahakamani kwa kuhofia kwamba ng'ambo wangetangulia na lao, nasi tukaonekana tumeficha ushahidi. Majaji wamesema mwamba si kisiwa, bahari igawanywe katikati. Mstari umepita juu ya mwamba wenyewe.

Ramani imemaliziwa na mwenzangu wa ofisini. Mimi nimehamishiwa kuchora mitaro ya maji machafu. Nimelia, baba, na bado inaniuma. Meli za doria zimeondoka, marufuku imefutwa. Ila kuna swali linatupwa huku na huku ofisini na hakuna anayelitaka: taa nayo ni ya nani?

Binti yako

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mama yako anasema hata mitaro inataka mtu mkweli, na kitanda chako ameshakitandika. Njoo ukae siku tatu.

Mwenzangu naye ameniuliza habari ya taa. Nimemwambia wiki ya mwisho kabla ya marufuku ilikuwa yake, kwa hiyo hii ni zamu yangu. Mafuta nimeshanunua. Nahitaji mtu wa kunishikia mashua nikiwa napanda mwambani.

Baba yako