Kolege Ukumu, Retrete Imefika

Kolege,

Walisoma jina lako. Ndiyo maana nimekamata kalamu. Hakuna mwingine wa kukuambia namna ile siku ilivyopita, na weye ungetaka kujua yote, mpaka rangi ya shati ya kijana aliyesoma. Ilikuwa ya bluu.

Mageuzi ya retrete yamefika Bunia. Yale tuliyoyasikia kwenye redio tangu nywele zetu zikiwa nyeusi: wazee wa kazi ya serikali watapumzika kwa heshima, kila mutu na malipo yake ya uzeeni, na vijana wataingia mahali petu. Ulikuwa unazima redio na kusema, "Kambale, Leta haiwezi kutufukuza bila kitu, na kitu haina. Basi tutazeekea hapa." Tukazeekea pale kweli, katika biro ya barabara na madaraja, siye wawili na meza mbili. Hapakuwa tena na barabara ya kupima, wala gari la kutufikisha. Tulikuja kila asubuhi kwa sababu asiyekuja anafutwa, na aliyefutwa hana hata cha kungojea.

Weye ukaondoka mvua zilipokuwa zinakwisha. Tansio, damu kupanda, muganga alisema. Hakuuliza kwa nini ulikuwa unavunja kidonge nusu ili dawa ikae siku nyingi. Mi nilikuona ukivunja, pale pale mezani, kwa ukingo wa rula.

Haikupita muda, wajumbe wakatoka Kinshasa.

Walituita kwenye ukumbi wa parokia. Ungeona wazee, Ukumu! Makoti ya harusi, viatu vilivyopakwa mafuta ya kupikia. Mumoja wa biro ya kodi aliletwa kwa pikipiki, wamemufunga na kitenge kwenye mugongo wa dereva ili asianguke. Aliyeitwa alisimama, akapigwa foto, akaweka kidole kwenye mashine. Wakafika kwako.

"Ukumu!"

Kijana wa kusoma majina akaangalia ukumbi wote.

"Ukumu!"

Halafu nikasikia kiti kinasogezwa nyuma. Alikuwa Mama Imakulata, bibi yako. Sikujua kama amekuja. Alikuwa amesimama na nguo yake nyeusi, mukoba ameukumbatia kifuani.

"Iko hapa," akasema.

Kijana akatabasamu. "Mama, tunaita mwanaume."

"Ni bwana yangu. Tulimuzika. Mi ndiye nimebaki, basi muandike mi."

Yule kijana hakuwa mubaya, nisimusingizie. Alimupa kiti chake mwenyewe, akaongea polepole kama mutu anayeongea na mama yake. Akasema mageuzi haya ni ya wale waliokuwa hai siku sheria ilipoanza. Mujane ana njia nyingine, dosie yake ya karatasi inakwenda Kinshasa, na lazima iwe na cheti cha ndoa cha serikali. Nyinyi mulioana Mahagi, mbele ya padri. Kwa serikali hamukupita. Wakati ule nani alipita?

Mama Imakulata akaweka mukoba magotini.

"Miaka yote ile alikuwa anakuja kwenye kazi yenu na shati niliyopiga pasi mi," akasema. "Leta haikuona ile shati?"

Kijana akainamisha kichwa, akaandika pembeni ya jina lako neno moja la Kifaransa la kusema umekufa, akaita anayefuata.

Anayefuata nilikuwa mi. Nikasimama, kolege, wakanipiga foto na mashavu yamelowa. Ndiyo foto itakayobaki kwenye dosie yangu mpaka mwisho.

Wakanipa karatasi ya kunishukuru. Nikarudisha funguo ya biro. Wakasema nikae nyumbani, nitapata habari kwenye simu. Bado naingojea. Wenzetu wa Aru waliotangulia walipata malipo mara moja, kisha simu zikanyamaza.

Sasa asubuhi inafika na sijui niipeleke wapi. Navaa suruali, nafika kwenye mulango wa parseli, pale ua unapoishia, narudi. Na ndipo nimeelewa ile beseni yako.

Ulinieleza mara nyingi, na mi nikiitikia tu ili uendelee. Ulikuwa mutoto kando ya ziwa, pale kijito kinapoingia, ukaona maji yanajizungusha na kufanya kishimo katikati, kadogo kama sahani. Chini, juu ya mchanga, kivuli chake: duara jeusi kabisa, na ukingoni mustari wa mwanga mukali kuliko jua lenyewe. Ukabeba kile kivuli kichwani maisha yako yote. Jua likipiga veranda ya biro, unajaza beseni, unazungusha maji kwa mukono, unainama juu yake na tai yako inaingia ndani. Wauza mikate walikuwa wanazunguka mbali, wakifikiri ni uchawi. "Mwangaza haipite tu, Kambale. Maji inaikamata, inaizungusha. Siku mutu atazungusha maji kwa nguvu yenye kutosha, ataondoa taa, na mwangaza itabaki ndani."

Ulikwenda kumuuliza mwalimu wa fizikia, akakueleza vizuri: uso wa maji ukibonyea, mwanga unapinda, unakimbia katikati na kurundikana pembeni. Basi, hakuna zaidi. Ulirudi, ukaketi mezani. "Mwalimu iko na haki," uliniambia. Kesho yake ukajaza beseni tena. Nikakuuliza, mbona? Ukanijibu bila kuinua kichwa: "Sasa nifanye nini ingine, na siye tunangojea?"

Juzi nilitembea mpaka nyuma ya mtaa wa Mudzipela, kwenye kile kijito ambacho bado kina maji safi. Nilikaa kwenye jiwe kama mutu mwenye wazimu. Nikaona kishimo, nikaona duara jeusi na mustari wake wa mwanga, kama ulivyosema. Kisha wingu likafunika jua, na nikainama haraka kuangalia kama kuna chochote kimebaki ndani ya maji. Nilitaka sana nije kukuambia kwamba mwanga ulibaki. Haukubaki, Ukumu. Yalikuwa maji tu.

Habari nyingine ni ngumu zaidi. Mama Imakulata ameondoka. Mwenye nyumba alisubiri kodi mpaka akachoka, si mutu wa kulaumiwa sana, na yeye ana watoto. Ndugu ya Mama anauza vitenge Ariwara, akamuita. Alipanda kamiyo, lori la wachuuzi, wakangoja musafara wa askari ndipo wapite barabara ya Djugu. Kabla ya kupanda alinishika mukono akasema, "Kambale, namuacha na weye." Nikasema ndiyo. Ningesema nini ingine? Alifika salama, alinipigia. Watoto wenu bado wako Uganda tangu walipokimbia vita, na hawazungumzi habari ya kurudi.

Ulitaka tukupeleke Mahagi, ulale karibu na baba yako. Siku zile barabara ilikuwa imefungwa, tukakuzika hapa, tukasema ni kwa muda. Tulijua siye wote kwamba haikuwa kwa muda. Sasa katika mji huu wote hakuna hata mutu mumoja wa nyumba yako. Nilipita kaburini Jumapili. Majani yamenifika kwenye kiuno, na mchwa wameanza kula musalaba kutoka chini.

Siwezi kukuahidi kwamba dosie ya Mama itafunguliwa. Siwezi kukuahidi Mahagi. Kitu kimoja tu ndicho kiko kwenye mikono yangu: nitakuja Jumamosi na panga, nitakata yale majani, na yakiota nitarudi kukata. Nitafanya hivyo mpaka miguu ikatae. Ikikataa, sijui nani atakuja kwako, wala nani atakuja kwangu.

Kaa na amani, kolege.

Kambale