Hesabu Hadi Tatu

6 Mei

Mama,

Shikamoo. Natumaini magoti yamepoa kidogo. Sisi wazima, cherehani inazunguka, ila moyo wangu haujatulia.

Jana nilimpeleka mjukuu wako kwa mtaalamu, kwenye ile tathmini ya usonji tuliyoisubiri miezi minane. Mwalimu mkuu alishasema: bila ripoti hakuna mwalimu msaidizi, na bila msaidizi muhula ujao hampokei. Basi mtoto huyu, ambaye kengele ikilia hujificha chini ya dawati, aliingia pale kama karani. Mikono mapajani. "Shikamoo daktari, nimeshinda salama." Akamtazama machoni, akainama, akamtazama tena. Mtaalamu kaandika: hakuna dalili za kutosha.

Tulipofika kwenye ngazi akajilaza chini, akajing'ata mkono. Alipotulia nikamuuliza nani kamfundisha. "Bibi. Hesabu hadi tatu, halafu unaruhusiwa kuangalia chini."

Mama, zile wiki mbili za likizo ulikuwa unamfanyisha mazoezi?

Binti yako

15 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Magoti ni yale yale, hayana jipya.

Ndiyo, nilimfundisha, na sioni kosa. Miaka thelathini na minne nimesimama mbele ya ubao, na hakuna mtoto wangu aliyeingia chumba cha mtihani mikono mitupu. Huyo mjukuu wangu, mke mwenzangu, ana akili kuliko wewe na mimi tukiunganishwa. Amefaulu, wewe unalia. Ulitaka waandike nini, kwamba mjukuu wa mwalimu ni mgonjwa?

Mama yako

19 Mei

Mama, shikamoo.

Haukuwa mtihani. Ilikuwa siku ya kumwonyesha alivyo, sisi tukamficha. Na si mgonjwa.

Nimeomba apimwe upya. Mtaalamu amekubali, ila anataka barua ya mtu aliyemlea, aeleze kila alichokiona. Aliyeshinda naye mpaka akafika miaka minne, mimi nikihangaika na kazi, ni wewe. Barua ifike kabla Juni haijaisha. Sina mwingine wa kumwomba.

Binti yako

27 Juni

Mwanangu,

Hujambo, na mke mwenzangu hajambo? Usidhani nimekununia; kununa nilimaliza wiki ya kwanza. Nimechana karatasi nyingi tu. Barua ya mtaalamu iko humu ndani, kurasa sita, na nimempa dereva wa basi aikabidhi mkononi mwako. Nimeandika yote: alivyokaa bila neno hadi miaka mitatu, alivyopanga vifungo vyako kwa rangi siku nzima, anavyoziba masikio nikiwasha redio, na mimi nilivyokuwa nikimshika kidevu ili anitazame.

Ukurasa wa mwisho unamhusu kaka yako. Yeye naye aliziba masikio. Nilimfundisha darasa la tatu, nikamchapa mbele ya wenzake kwa sababu nikiongea hanitazami. Nilimwita mkaidi mpaka siku aliyoondoka nyumbani. Nilipomwona mjukuu wangu nilijua, mwanangu. Nilijua mapema kuliko wewe. Nilimfundisha ili asitokee mtu wa kulitaja kwa jina jambo lile nililomchapia kaka yako.

Usinihurumie. Wapelekee.

Mama yako

4 Agosti

Mama yangu,

Shikamoo. Mjukuu wako mzima, anakula, anakuulizia.

Ripoti imetoka: ni usonji. Safari hii mtaalamu alikaa naye sakafuni, hakumlazimisha kitu. Mwalimu mkuu ameisoma na kusaini. Msaidizi anaanza shule ikifunguliwa, na kabla kengele haijalia atakuwa anamtoa nje kwanza. Nililia pale pale ofisini, nikajifuta na kitambaa cha sare ya mteja.

Jambo moja nimelifanya bila ruhusa yako. Nilimpigia kaka simu, nikamsomea ule ukurasa wa mwisho. Nilipomaliza akaniomba nirudie, taratibu. Nikarudia. Akasema anautaka wenyewe, wenye mwandiko wako.

Mtaalamu nimemwachia nakala. Wenyewe nimeutia posta leo asubuhi.

Binti yako