Kura ya Chakula cha Msiba

Harlan Creek, 24 Februari

Mpendwa Jolene,

Habari za tangu mazishi ya mama? Sisi wazima, isipokuwa goti langu, ambalo lina maoni yake kuhusu theluji hii.

Uliondoka haraka kabla sijakusimulia sehemu tamu. Unakumbuka kikao cha bodi ya shule kiliahirishwa kwa sababu ya theluji? Basi, ulipokuwa jikoni kanisani unaosha vyombo, sisi wajumbe wote watano tukajikuta meza moja, sahani zimejaa nyama ya nguruwe na viazi. Ombi la shule yetu kuongezewa mwaka mmoja lilitakiwa lifike ofisini kwenu, idara ya elimu ya jimbo, kabla ya Machi kuanza, la sivyo sheria ya wanafunzi wachache itatuvunja na kutuunganisha na shule ya Bellmont.

Gladys akasema, "Marehemu kawapikia watoto wa shule ile maisha yake yote, na sisi tumekaa tunakula tu?"

Orville akamjibu, "Mimi nakula kwa uchungu."

Nikasema, anayetaka shule ibaki ainue uma. Tukainua wote. Ombi nimeshalituma. Agosti mjukuu wangu Tessa ataanza darasa la kwanza palepale babu yake alipolia siku ya kwanza, na ya pili.

Kaka yako,
Verlyn

6 Machi

Kaka Verlyn,

Natumai goti limetulia. Mimi nalala vizuri kiasi. Nikiamka nasahau kwamba mama hayupo, halafu nakumbuka.

Ombi lenu limefika mezani kwangu. Nililisoma nikacheka, kisha nikaacha kucheka. Kwa nini uliandika kwamba mlipitisha "kanisani, chumba cha chini, wakati wa chakula cha msiba"? Sheria ya jimbo inataka bodi ikikaa kuamua jambo la shule, watu wawe wametangaziwa mapema. Bila tangazo, uamuzi unahesabiwa haukuwapo.

Niambie mlitangaza. Hata karatasi moja kwenye mlango wa posta itatosha.

Mdogo wako,
Jolene

11 Machi

Mdogo wangu,

Goti lipo, na Bev wangu anakusalimu.

Hatukutangaza. Tulichotangaza ni mazishi. Mji mzima ulikuwepo, mpaka mbwa wa Orville. Kama hao si watu, sijui jimbo linataka watu wa aina gani. Fomu yenu iliuliza tuliamulia wapi, nikajibu. Mama alitulea vibaya, alitufundisha kujibu tunachoulizwa.

Jana tumekaa upya, kwa tangazo, mlango wazi mpaka tukavaa makoti. Hakuna aliyekuja, maana kila mtu anajua jambo lilishaisha kanisani. Tumepiga kura ileile, nimetuma tena. Najua tarehe imepita. Lakini wewe uko huko ndani, Jolene. Ongea nao.

Kaka yako,
Verlyn

2 Aprili

Kaka,

Leo sijui nianze na salamu gani.

Nimeongea nao. Nilifika mpaka kwa mkurugenzi. Alinisikiliza vizuri, hata akanipa pole ya mama. Lakini tarehe iliwekwa na bunge la jimbo, na hana ruhusa ya kuisogeza hata kwa saa moja. Nikasema wewe ni kaka yangu, barua ya kukujulisha kwamba ombi limekataliwa aiandike mwingine. Akasema barua haiamui chochote, sheria ilishaamua, na kaunti yenu iko chini yangu.

Itakufikia Ijumaa. Ina sahihi yangu.

Siku ile nilikuwa jikoni, kaka. Niliwasikia mkicheka, nikafurahi kwamba mnacheka.

Mdogo wako,
Jolene

20 Juni

Kaka,

Hujajibu. Sikulaumu. Goti linaendeleaje?

Jolene

29 Agosti

Mpendwa Jolene,

Sisi wazima. Sijakununia. Nimeanza kukuandikia mara nyingi, na kila mara naishiwa maneno nikishamaliza habari za goti.

Bodi imevunjwa, kwa hiyo sasa mimi si mwenyekiti wa kitu chochote. Bev anasema humu nyumbani sikuwahi kuwa. Bellmont walikosa madereva, wakanipa basi. Tessa anakaa kiti cha nyuma yangu, na usingizi humchukua kabla hatujamaliza mashamba ya Orville. Safari ni ndefu kwa miguu isiyofika sakafuni.

Sheria inataka basi la shule lisimame kwenye kila kivuko cha reli, hata kile cha kando ya shule yetu, ambako treni haijapita miaka na miaka. Nasimama, nazima redio, nafungua mlango, nasikiliza. Watoto wananyamaza wenyewe.

Jumatatu Tessa akaamka pale. "Babu, tunasubiri nini?"

"Tunahakikisha hakuna kinachokuja."

Akageuza shingo akasikiliza na yeye, kwa bidii, kama mama alivyokuwa akisikiliza birika. Kamba ya bendera ilikuwa inagonga mlingoti kule uwanjani. Hakuna aliyekumbuka kuifungua.

"Hakuna," akasema.

Nikafunga mlango.

Njoo wakati wa mavuno. Kitanda chako kipo.

Kaka yako,
Verlyn