Chujio la Udongo Mwekundu

Mjukuu wangu Furaha,

Hapa Murara tunaamka vizuri, na mutoto wako Baraka ameanza kutembea. Unauliza mbona silitumii chujio la maji ulilotutengenezea kwa udongo mwekundu, wakati kutu ya udongo mwekundu inakamata metali zenye sumu. Ni kweli, inazikamata.

Lakini kule Masisi, nikiwa msichana, tulilowesha mihogo katika kidimbwi chenye matope mekundu chini ya machimbo, na tulikunywa maji yake. Yakichotwa yalikuwa meupe kabisa, unaona mpaka chini. Yakilala ndani ya jagi, asubuhi yalikuwa mekundu. Basi mama akaanza kuchota mlimani, mbali. Shangazi akamcheka: "Wifi, unaogopa maji ao umependa kutembea?"

Mama akamjibu: "Hiyo nyekundu ilikuwa imejificha wapi? Na imekuja na nani?"

Jibu nimelisoma uzeeni. Katika matope yasiyo na hewa, bakteria wanakula mabaki ya mihogo, na wanapumua kwa kutu badala ya hewa, mpaka kutu inayeyuka. Kutu ikiyeyuka haionekani majini mpaka ikutane tena na hewa, na inaachilia sumu iliyokuwa imeikamata. Chakula chao tuliwapelekea sisi wenyewe.

Chujio lako halikauki, majani yanaozea ndani, na limeanza kunuka. Leo nimekuta kikombe cha Baraka chini ya bomba la chujio. Nimekificha mpaka maji yapimwe.

Koko wako